Hakskeenpan, ambako jiwe dogo huua injini

Ukitoka Upington, Afrika Kusini, jaza tangi na ubebe maji ya kutosha. Tulishika barabara ya R360 kwenda kaskazini mpaka Askham, tukakata kushoto kuifuata R31 kati ya matuta ya mchanga mwekundu wa Kalahari. Kabla ya kufika Rietfontein, mpakani na Namibia, matuta yanakatika na uwanda wa udongo mkavu wa Hakskeenpan unafunguka mbele yako, bila kichaka wala mti.

Hapa, Novemba 2019, dereva Andy Green alilikimbiza Bloodhound, gari lililoundwa kuvunja rekodi ya dunia ya kasi ya nchi kavu, mpaka 1,010 km/h. Injini yake ni EJ200 ya ndege ya kivita Typhoon, yenye msukumo wa kilonewtoni 90 hivi ikimwagiwa mafuta ya ziada kwenye bomba la nyuma. Haizungushi magurudumu, hewa ya moto inayotoka nyuma ndiyo inayolisukuma gari.

Niliinama kupapasa ardhi. Ni ngumu, ina nyufa nyembamba, na imelala sawasawa, kwa sababu mvua hugeuza bonde kuwa ziwa na maji yakikauka huacha uso bapa. Tatizo lilikuwa mawe. Watu 317 wa eneo la Mier waliyaokota kwa mikono, tani 16,500, kwenye mita za mraba milioni 22. Kwangu kazi hiyo haina tofauti na kazi ya mafundi wa injini. Jiwe likirushwa na gurudumu la mbele na kufyonzwa ndani, hupinda au kuvunja mapanga ya kompresa, sehemu ya injini inayobana hewa, na kipande kimoja hubomoa safu zote za nyuma yake. Ndiyo maana mdomo wa injini umewekwa juu ya chumba cha dereva.

Art Arfons, muundaji wa magari ya kasi kutoka Ohio, Marekani, aliwahi kununua J79, injini ya ndege ya kivita, iliyoharibika namna hiyo. Alichomoa mapanga mabovu, akaifunga kwenye miti nyuma ya nyumba kuijaribu, na mwaka 1964 akafika 863 km/h kwa gari lake kule Bonneville, uwanda wa chumvi huko Marekani.

Magurudumu ya Bloodhound hapa yalikuwa aluminiamu tupu. Kwa kasi hii mpira ungechanika. Mbio huanza mapema, hewa ikiwa baridi na nzito, maana injini hupata nguvu zaidi. Rekodi ya kasi ya nchi kavu hutaka mbio mbili, kwenda na kurudi, ndani ya saa moja, kisha hupigwa wastani. Gari la ThrustSSC bado linaishikilia tangu 1997, kwa 1,227.985 km/h na injini mbili za ndege aina ya Spey. Bloodhound ilibuniwa kuipita kwa kuongezewa roketi chini ya injini, lakini mwaka 2019 roketi hiyo haikuwa imefungwa.