Siku ya 63 ya eda

Baiskeli ya marehemu mume wangu bado imeegemea ukuta wa ukumbini, pale pale alipoiacha. Kila nikiamka usiku kwenda kutawadha naipita, na mkono wangu hugusa kiti chake bila mimi kuutuma. Jana nilikishika nikashindwa kukiachia. Nikakaa sakafuni, nikalia mpaka upindo wa kanga ukalowa.

Matanga yalipoanuliwa siku ya tatu, nyumba ilikuwa bado imejaa. Wifi zangu walikaa wiki, shangazi yake wa Pangani wiki mbili. Siwalaumu, nao wana nyumba zao. Sasa nimebaki na watoto, na sauti za Ngamiani zinazopita dirishani: kengele za baiskeli, muuza kahawa akigonganisha vikombe, adhana. Eda yetu wajane ni miezi 4 na siku 10. Sijafika nusu.

Wanaokuja kunitazama huniambia, "Subiri, mwanangu." Wananitakia kheri, najua. Ila nilivyoogopa kuonekana sina subira, nikawa nazuia machozi hata juu ya mswala. Naomba riziki, naomba ada za watoto, naomba usingizi. Kila kitu nakitaja, isipokuwa kwamba naumia. Namficha nani? Yeye ndiye aliyeniumba.

Basi jana, baada ya kulia, nikafungua Suratul Anbiyaa, aya ya 83. Nabii Ayub, huyu huyu tunayemtaja kila tukihimizana subira, anamlilia Mola wake: mimi imenigusa dhara, nawe ndiye mwenye kurehemu kuliko wote wanaorehemu. Kaishia hapo. Hataji kitu anachokitaka. Kasema hali yake, kamtaja Mwenye rehema. Na aya inayofuata inaanza na kuitikiwa kwake. Mbele kidogo, aya ya 87, yuko Yunus anaita kutoka gizani. Ya 89 ni Zakaria, anaomba asiachwe peke yake. Aya saba tu, na mitume watatu wanalia humo. Nimeisoma sura hii tangu chuoni, nikiwa mtoto. Sikuwahi kuwasikia.

Nikazima taa. Nikasema kwa Kiswahili, maana Kiarabu changu hakifiki huko: Ya Rabbi, nimebaki peke yangu, inauma, nawe ni Mwenye kurehemu. Sikuongeza neno. Nikabaki pale pale mpaka adhana ya alfajiri. Huzuni ipo, haijaenda popote, ila kwa mara ya kwanza tangu msiba sikuibeba nikiwa nimebana meno.

Leo asubuhi mwanangu mkubwa kaniuliza kama anaweza kuipeleka baiskeli ya baba kwa fundi, tairi la nyuma limeisha upepo. Nimemwambia aipeleke. Nimemwomba tu kiti asikishushe kwanza.