Baba na fagio la Jumamosi

Jumamosi ya mwisho wa mwezi kwetu Igoma, Mwanza, unaijua hata ukiwa bado kitandani. Kuanzia saa kumi na mbili na nusu unasikia mafagio ya chelewa yanakwangua barabarani, makoleo kwenye mtaro, alafu gari la matangazo linapita, maduka yote yafungwe mpaka saa nne, kila mtu atoke afanye usafi kwenye eneo lake. Na kweli kila nyumba watu wanatoka. Hata sisi tulikuwa tunatoka, ila tumevaa za kanisani, baba na Biblia yake ya zipu kwapani, mama na mkoba wenye lesoni na kitabu cha nyimbo, tunapita katikati ya watu wenye makoleo na ndala huku tunawasalimia za asubuhi jamani, za asubuhi, na wao wanaitikia lakini macho yao unayaona yanavosema. Aisee ile aibu. Nilikuwa mtu mzima kabisa nina ndevu na bado nilitamani tuzungukie uchochoro wa nyuma.

Sisi ni Wasabato, na siyo wale wa kuonekana wakati wa makambi ya kanisa tu. Baba ni Mjita, mzee wa kanisa tangu sijaanza shule, ana kaduka kake ka misumari na rangi na koki za bomba barabarani pale, na Ijumaa jua likianza kuelekea kuzama anafunga hata kama mteja kasimama na hela mkononi. Nimeshuhudia fundi anamlilia amuuzie gundi ya bomba maana maji yanamwagika kwa watu, baba kaangalia juu, kaangalia saa, akampa bure. Akasema hajauza, amemwokoa ng'ombe kwenye shimo. Kwa hiyo mnamuelewa ni mtu wa aina gani.

Huu usafi wa mwisho wa mwezi ulikuja na Magufuli. Mwaka 2015 alifuta sherehe za Uhuru za Desemba akasema siku ile watu wafanye usafi, kipindupindu kilikuwa kinatembea mwaka ule, na siku ile baba alishika koleo kuliko kijana yeyote mtaani kwetu maana tarehe 9 ile iliangukia Jumatano. Alirudi na matope mpaka magotini anasema huyu sasa ndo kiongozi. Baadae utaratibu ukawa kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na hapo ndo mzee wangu na serikali yake wakapishana njia.

Mwanzoni ilikuwa maonyo tu. Alafu siku moja tunatoka ibadani mchana tukakuta mtendaji na mgambo wawili wanatusubiri kibarazani kwa duka. Mtendaji kijana tu, mstaarabu, akamwambia mzee wangu, eneo lako halijafanyiwa usafi. Baba akamwambia angalia chini mwanangu. Akaangalia. Palikuwa pasafi maana baba alishafagia jana yake Ijumaa mchana, siku ya maandalio, na mtaro alishazibua. Mtendaji akasema sawa lakini tangazo linasema Jumamosi. Baba akasema uchafu hauna siku, na kama shida ni kushirikiana na wenzangu basi kesho Jumapili nipe mtaro wa mtaa mzima nitazibua peke yangu na wanangu (hapo kwenye wanangu hakuniuliza). Yule kijana akacheka akasema kitu ambacho mpaka leo naona kilikuwa na akili, "Mzee, nikikuruhusu wewe, mwezi ujao walevi wote wa mtaa huu watakuwa Wasabato."

Faini ilikuwa elfu hamsini. Mgambo mmoja akamvuta baba pembeni akamnong'oneza kwamba hata kumi ya soda inatosha waondoke. Baba akarudi mbele ya watu wote akasema kwa sauti, mimi nalipa yote, niandikieni risiti. Akalipa. Na ilijirudia, sikumbuki mara ngapi, zile risiti alikuwa anazichomeka kwenye Biblia pale pale kwenye Warumi 13. Nilidhani ni kwa bahati mbaya, kumbe anazipanga makusudi.

Mimi nilikuwa namuona mbishi tu. Nikamwambia baba, hiyo hiyo Warumi 13 inasema kila mtu na aitii mamlaka iliyo kuu, wewe mzee wa kanisa kila mwezi unapigwa faini, huo ushuhuda gani. Akaniuliza, Paulo alipoandika vile Kaisari alikuwa nani? Nikasema Nero. Na mapokeo yanasema Paulo aliuawa na nani? Nikanyamaza. Akasema, basi aliyeandika tuitii mamlaka ndiye mamlaka ilimuua, na hukusikia kwamba alipigana na askari wala kwamba aliacha kuhubiri. Akaendelea kupaka siagi mkate wake.

Sasa nije kwa baba mdogo, maana bila yeye nisingeelewa kitu.

Baba mdogo ni mvuvi, au tuseme ni tajiri, ana mitumbwi yake kwenye kisiwa kimoja huko upande wa Ukerewe na vijana wanaomvulia. Naye ni mwumini, zaka anatoa, anaimba besi. Na alikuwa anavua kwa kokoro. Kwa asiyejua, kokoro ni lile wavu refu unalizungusha toka ufukweni alafu mnalivuta watu wengi kuja nchi kavu, linakuja na kila kitu, sangara wa kiganja, sato watoto, linasomba mpaka mazalia chini. Ni marufuku. Sheria ya uvuvi ya 2003 na kanuni zake wakati ule zilikuwa wazi, nyavu za sangara ziwe matundu ya inchi 6 kwenda juu, na sangara wa kuvuliwa awe kati ya sentimita 50 na 85, mdogo aachwe akue na yule mkubwa sana aachwe azae. Kila mtu mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, alizijua hizi namba, hata watoto.

Ukimgusa baba mdogo kwenye hilo alikuwa na Biblia yake tayari. Imetupasa kumtii Mungu kuliko wanadamu, Matendo 5. Ziwa kaliumba Mungu, samaki kawaumba siku ya tano, kabla ya mtu na kabla ya wizara, na akatupa tuwatawale, sasa afisa uvuvi katokea wapi? Na anaongea vizuri huyo mtu, ukimsikiliza unasema amina bila kujua umeitikia nini.

2018 ikaja ile Operesheni Sangara, msako wa serikali wa uvuvi haramu. Waliokuwepo kanda ya ziwa wanakumbuka, nyavu zinachomwa moto mialoni, moshi mweusi, watu wanalia, na sitasema kila kitu kilichofanyika mule kilikuwa cha haki maana kuna wavuvi walilalamika sana na walikuwa na sababu. Usiku mmoja baba mdogo kafika Igoma na pikapu, amefunika turubai. Kokoro mbili na nyavu za timba, nazo haramu. Akamuomba baba funguo za stoo ya kanisa. Stoo ile ya mahema ya makambi, nani atakagua kule?

Baba hakumjibu hapo hapo. Alimkaribisha, mama akaleta ugali na dagaa, tukala, ndo baba akamuuliza, hizi nyavu ukikamatwa nazo utasema ni za nani? Baba mdogo akacheka, sasa kaka si ndo maana nataka stoo. Baba akasema, Petro alisema hayo maneno mbele ya Baraza, amesimama, wanamuona uso, na akapigwa viboko. Wewe unataka kuyasema gizani, na viboko apigwe nani, mchungaji? Funguo hukupewa. Baba mdogo aliondoka usiku ule ule, hakukanyaga kwetu karibu miaka miwili, hata harusi ya dada yangu alituma mtu.

Nililala siku ile nawaza wale ndugu wawili. Wote wanavunja sheria, wote wametoa sababu kwenye kitabu kimoja. Ila mmoja faini yake analipa mwenyewe na anadai risiti, na mtaro wake ni msafi kuliko wa waliofagia, hakuna jirani aliyepata mbu kwa ajili ya imani yake. Mwingine gharama ya imani yake wanalipa watu wa mwalo wa pili, wanaotupa nyavu za halali wanaambulia maji. Na baba akitii tangazo anakuwa amefanya kitu ambacho dhamiri yake inamwambia ni dhambi, ila baba mdogo akitumia inchi 6 anakuwa ametenda dhambi gani? Hakuna amri inayosema vua kwa kokoro. Hela tu inapungua. Nina wasiwasi kwamba ukichukua zile sheria tunazosema zinagongana na imani zetu ukazichuja hivi, zinazobaki ni chache sana.

Rafiki yangu Mwislamu tunayeuza nae pale Makoroboi mjini nilimsimulia, akasema na kwao liko hivo hivo, wameambiwa wawatii wenye mamlaka, ila hakuna kumtii kiumbe katika kumuasi Muumba, na akasema kazi iko kwenye kujua lini ni kumuasi Muumba na lini ni kumuasi mtendaji tu.

Kuna watu watasema sheria mbovu haibadiliki usipoivunja. Inabadilika bana, ila kwa njia ndefu. Wale wanafunzi Mashahidi wa Yehova waliokataa kuimba wimbo wa taifa wakaadhibiwa shuleni, hawakufanya fujo wala hawakuimba kinafiki, walikwenda mahakamani wakashindwa, wakapanda mpaka Mahakama ya Rufani na mwaka 2013 wakashinda. Mimi wimbo wa taifa naimba na machozi yananilenga lakini nilifurahi. Na ile sheria ya ndoa ya 1971, iliyoruhusu binti wa miaka 15 kuolewa mzazi akikubali, Rebeca Gyumi aliipeleka Mahakama Kuu akashinda 2016, serikali ikakata rufaa ikashindwa 2019. Hapo nilijifunza kingine pia, kwamba sheria kuruhusu siyo kuamrisha. Mzazi mwumini alikuwa halazimiki hata siku moja kumuoza binti wa miaka 15, ila kuna waliojificha nyuma ya "sheria inaruhusu", yaani hapo Kaisari akawa mtamu ghafla.

Kwa jirani zetu Rwanda umuganda, ile kazi yao ya pamoja ya usafi na maendeleo, nao ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na Wasabato kule wanafanya siku ya Jumapili. Kitu kile kile baba alichomwomba mtendaji kibarazani. Wenzetu waliweza kukaa wakaongea, na hao walevi sijasikia kama wamebatizwa.

Lakini kabla sijamnyooshea mtu kidole niseme na yangu. Mimi nauza kava za simu, chaja, vipaza sauti vidogo vile. Mashine ya risiti ninayo. Mteja akija namuuliza unataka bei ya risiti au bei ya kawaida, na yeye anachagua ya kawaida, na akitokea mbishi namwambia mtandao unasumbua. Nimefanya hivo miaka. Na siku moja nimekaa pale nasimulia watu habari za baba mdogo na stoo ya kanisa, nasimulia vizuri kabisa wanacheka, mkono wangu wa kushoto unapokea elfu kumi na tano ya chaja bila risiti. Mpeni Kaisari yaliyo ya Kaisari, na Yesu alisema hivyo akiwa ameletewa sarafu ya kodi, hata siyo fumbo. Sina andiko la kujitetea, baba mdogo angalau alitafuta la kwake. Sasa hivi natoa risiti, siyo zote. Nipo hapo hapo kwenye siyo zote.

Baba siku hizi amezeeka, mgongo unamsumbua, hawezi kuzibua mtaro Ijumaa kama zamani. Jirani yetu, mama mmoja anauza vitumbua, Mwislamu, ameanza kufagia mpaka kwetu Jumamosi ya usafi ili mzee asipigwe faini. Mimi nikaona jambo limeisha, Mungu ametuma Msamaria. Baba hakulala. Maana amri ya nne ukiisoma haisemi wewe tu usifanye kazi, inataja mwana wako, mtumwa wako, mpaka "mgeni aliye ndani ya malango yako", sasa huyu mama akifagia malangoni kwangu kwa ajili yangu, si nimemfanyisha kazi Sabato?

Jumapili akamfuata na kimkongojo chake, akamshukuru sana, akamwomba asimfagilie tena, kwamba faini ataendelea kulipa mwenyewe. Yule mama alikuwa anageuza vitumbua, hata hakuinua kichwa.

"Mzee, nani kakwambia nakufagilia wewe? Upepo ukivuma uchafu wa kwako unaingia kwenye mafuta yangu. Chukua hivi viwili, vya moto."

Baba akavichukua. Akatafuta hela mfukoni alipe, mama akamwambia weka hiyo, utalipia faini.