Pauillac mwezi Aprili: mvinyo ungali pipani

Nilishuka treni Pauillac, kijiji cha mvinyo kaskazini mwa Bordeaux nchini Ufaransa, mwezi Aprili. Wakati huo mvinyo wa mavuno ya Septemba na Oktoba huwa umekaa pipani miezi michache tu. Pwani ya kijiji ni mto Gironde, mpana, maji yake ya tope kama ya mdomo wa Rufiji. Ukiupa mto mgongo na kupanda kidogo, unakanyaga kokoto, na kokoto hizo ndizo zilizoipa sifa Médoc, eneo la mvinyo ambalo Pauillac imo ndani yake. Hazituamishi maji, na joto la mchana hulitunza hadi usiku, kwa hiyo Cabernet Sauvignon, zabibu ndogo ya ganda nene inayochelewa kuiva, huiva vizuri hapa. Ukali wake watu huupunguza kwa kuchanganya na Merlot, zabibu nyingine iliyo laini zaidi.

Ghala la mapipa Wafaransa huliandika "chai", ila hutamka "she". Ndani kuna ubaridi wa nyuzi 14 au 15 hivi, na mapipa yamelala safu kwa safu. Pipa la Bordeaux hubeba lita 225, yaani chupa 300. Mbao zake ni za mwaloni wa Ufaransa, na mwaloni huo hupasuliwa kwa kufuata nyuzi zake. Ukiukata kwa msumeno kama mbao za kawaida, unakata mishipa ya mti, na pipa litavuja. Mbao zikishapasuliwa hurundikwa nje, zinyeshewe mvua na kupigwa jua miaka miwili hadi mitatu, mpaka uchungu wake utoke. Baadaye fundi huzikunja juu ya moto, na moto huohuo huziunguza kidogo upande wa ndani.

Hapo ndipo pua ya mtu wa pwani inapokuwa nyumbani. Mwaloni una eujenoli, ambayo ndiyo harufu ya karafuu ya Pemba. Una laktoni zinazonukia nazi, na kuungua kwake huzalisha vanila na moshi. Lakini harufu hizo zisikupumbaze. Zikitangulia mbele ya tunda, ama pipa ni jipya mno kwa mvinyo huo, ama mvinyo wenyewe ni mwepesi. Kazi kubwa ya pipa ni kupitisha hewa kidogo kidogo, na hewa hiyo ndiyo inayozishikamanisha tanini, yaani vitu vya zabibu vinavyoleta ukakasi mdomoni, na rangi mpaka ukali upoe.

Mtunza ghala aling'oa kizibo, akazamisha mrija wa kioo, akaziba tundu la juu kwa kidole gumba, akauinua umejaa, kisha akaachia kidole juu ya glasi yangu. Robo ya glasi yatosha. Viganja vyote viwili huikumbatia dakika mbili tatu, kwa sababu mvinyo wa baridi hufunga harufu na kuzidisha ukakasi. Inamisha glasi juu ya karatasi nyeupe: rangi ni zambarau hadi ukingoni. Nusa kabla ya kuzungusha, zungusha, nusa tena. Chukua funda dogo, vuta hewa juu yake, sukutua hadi kwenye fizi, halafu tema. Ukakasi ukishika fizi za mbele na kukausha ulimi kama bibo bichi, tanini bado ni mbichi. Ukitanda mdomo mzima kama vumbi laini, zimeanza kuiva. Tanini hunasa protini za mate na kuuondoa utelezi wake, ndiyo maana ukakasi husikika kwa kuguswa zaidi kuliko kwa ladha. Glasi ya tano hukudanganya, kwa kuwa mate yameshaisha nguvu. Kunywa maji, tafuna mkate mkavu, subiri. Jibini liache, maana hufunika ukali na kuupendezesha mvinyo usiostahili.

Usihukumu kwa pipa moja. Niliomba mvinyo uleule kutoka pipa jipya na pipa lililokwisha tumika mara moja, kwa sababu tofauti ya hayo mawili ndiyo mchango wa mwaloni.

Pipa la mavuno ya mwaka uliotangulia lilikuwa na habari nyingine. Mvinyo huo umeshahamishwa pipa mara kadhaa, kila miezi mitatu hivi, ili uachane na mashapo. Pipa tupu huoshwa, kisha huchomewa salfa ndani. Baadhi ya maghala husafisha mvinyo kwa ute wa mayai matano au sita kwa kila pipa: ute hunasa tanini kali na kuzama nazo, vilevile yanavyofanya mate mdomoni. Katika glasi harufu ya nazi ilikuwa imerudi nyuma, na mbele kulikuwa na zambarau mbivu na penseli iliyochongwa.

Kinachoharibika huharibikia humu. Mvinyo hupungua kwa kupenya kwenye mbao, na pipa lisipojazwa mara kwa mara, bakteria wa siki hupata hewa. Harufu ya yai bovu ni ya kukosa hewa, na mara nyingi huondoka mvinyo ukihamishwa. Harufu ya zizi la farasi huletwa na hamira iitwayo Brettanomyces. Hiyo hujificha ndani ya mbao za mapipa ya zamani, na kuosha peke yake hakuitoi.

Mwisho ilikuja chupa ya miaka zaidi ya kumi. Ilikuwa imesimamishwa tangu jana yake ili mashapo yashuke. Mtunza ghala akaimimina taratibu kwa mkono mmoja, taa ikiwa chini ya shingo ya chupa. Ukingo wa mvinyo ulikuwa na rangi ya tofali, harufu ni ya ngozi na majani makavu ya tumbaku, na ukakasi umebaki uzi mwembamba mwisho wa ulimi. Uzi mweusi wa mashapo ulipofika begani mwa chupa, akasimamisha mkono na kuacha kiasi cha vidole viwili humo ndani.