Nani Ameshika Kipanya?

Panapozuka mjadala kuhusu teknolojia na usawa wa elimu, swali la kwanza huwa ni vifaa vingapi vimefika shuleni. Jibu lake ni jepesi kupatikana, kwa sababu kompyuta zikishushwa kwenye gari huhesabiwa, hutiwa saini na kupigwa picha, na idadi yake huingia moja kwa moja kwenye taarifa. Mimi ni mwalimu, na hesabu ninayoitafuta haimo kwenye taarifa hizo: katika kipindi kimoja, mwanafunzi aliye nyuma kuliko wenzake wote alishika kipanya kwa dakika ngapi?

Anayetaka kuelewa kwa nini nauliza hivyo na akae nyuma ya chumba ambamo wanafunzi wanne wanatumia mashine moja. Bila mwalimu kupanga chochote, yule aliyezoea kompyuta nyumbani hukaa katikati, mbele ya kibodi, na wa pili hukaa ubavuni mwake akimwelekeza. Wa tatu husoma skrini kwa kuinamisha shingo. Wa nne, ambaye ndiye hasa aliyetajwa wakati vifaa vinaombwa, hunakili jibu kutoka kwenye daftari la mwenzake. Akithubutu kusema "na mimi nijaribu", huambiwa angoje kwanza wamalize swali lililopo, halafu kengele hulia. Kazi hukusanywa ikiwa imekamilika, na alama moja huandikwa mbele ya majina yote manne. Siku hiyo mtoto wa kwanza ameongeza saa nzima ya mazoezi juu ya aliyokuwa nayo, na wa nne hakuongeza chochote. Kwa niliyoyaona mwenyewe, anayesukumwa pembeni mara nyingi zaidi ni msichana, hata pale anapolijua jibu.

Hesabu ya mashine imewahi kujaribiwa kwa kiwango cha nchi nzima. Mradi wa One Laptop per Child, ulioanzishwa na Nicholas Negroponte mwaka 2005, ulikusudia kila mtoto apate kompyuta yake ndogo ya mkononi, na Peru ilinunua zaidi ya 800,000. Watafiti wa benki ya maendeleo ya nchi za Amerika walifuatilia shule za msingi 319, nyingi zikiwa za vijijini, na mwaka 2012 wakatoa matokeo yao. Katika shule zilizopewa vifaa, idadi ilikuwa imepanda kutoka takriban kompyuta 12 hadi 118 kwa kila wanafunzi 100. Hata hivyo, baada ya miezi ipatayo 15, alama za hisabati na lugha hazikutofautiana na za shule ambazo hazikupewa. Zilikuwapo dalili za maendeleo katika uwezo wa jumla wa kufikiri, na si haki kuzificha. Lakini shule nyingi hazikuwa na intaneti, namna ya kufundisha haikubadilika sana, na baadhi ya walimu wakuu walikataza kompyuta zisitoke shuleni kwa hofu ya kuharibika au kuibwa. Kifaa kilichofungiwa kabatini jioni huhesabiwa sawa na kile kinachotumiwa, na hapo ndipo hesabu hii inapotupoteza.

Nyumbani hali ni ngumu zaidi. UNICEF na ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, walikadiria mwaka 2020 kwamba theluthi mbili ya watoto na vijana wa umri wa miaka 3 hadi 17 duniani, yaani watu bilioni 1.3, hawakuwa na intaneti nyumbani. Idadi hiyo inatisha, na bado kuna jambo haiwezi kulionyesha, nalo ni nyumba yenye simu moja. Simu hiyo ni ya mzazi, hutoka naye asubuhi na kurudi naye usiku, chaji ikiwa imebaki kidogo na bando likikaribia kwisha. Kaka mwenye mtihani mwaka huu huipata kwanza. Mdogo wake hupewa wakati macho yameshalemewa na usingizi, kisha hutakiwa kuandika insha kwa kidole gumba kwenye skrini isiyoonyesha hata aya moja nzima. Katika kumbukumbu za shule mtoto huyu ameandikwa kuwa amefikiwa. Mimi naona ni kosa kubwa kumweka katika safu moja na mwenzake mwenye kompyuta yake, meza yake na mlango wa kufunga.

Ndiyo maana utafiti uliofanyika Botswana mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya UVIKO-19, naukumbuka kila ninaposikia kwamba usawa unangoja mitambo ya kisasa zaidi. Ulihusisha familia zaidi ya 4,500, na ulitumia simu ya kawaida tu. Baadhi ya familia zilitumiwa ujumbe mfupi wa hesabu kila wiki. Nyingine zilipata ujumbe huo pamoja na kupigiwa simu: kwa muda wa dakika 20 hivi mwezeshaji alizungumza na mzazi na mtoto pamoja, wakapitia maswali. Watoto waliopigiwa simu waliongeza ujuzi wao wa hesabu kwa kiasi kilichopimika, ilhali ujumbe peke yake haukuleta badiliko la kutegemewa. Kilichotofautisha makundi hayo mawili ni kwamba katika moja, kila wiki, mtu mzima alimsikiliza mtoto akihesabu na kumrudisha pale alipokosea.

Sisemi kwamba programu nzuri haina kazi. Huko Delhi, wanafunzi waliohudhuria kituo baada ya masomo, kila mmoja na kompyuta yake ikimpa maswali ya kiwango alichofikia kweli badala ya kiwango cha darasa lake, waliwapita wenzao katika hisabati na Kihindi kwa muda wa miezi minne na nusu. Waliokuwa dhaifu zaidi ndio walionufaika sana kwa kulinganisha, kwa kuwa mafundisho ya kawaida ya darasani yalikuwa yakiwapita karibu yote. Hata kituoni, sehemu ya muda ilikuwa ya msaidizi aliyekaa na kikundi kidogo.

Yupo pia mwanafunzi asiyeona, ambaye teknolojia ingeweza kumfaa kuliko mtu yeyote. NVDA, programu inayosoma skrini kwa sauti, ilianza mwaka 2006 na hutolewa bure. Kisha mwalimu anapiga picha ubao, anaituma kwenye kundi la darasa, na programu inapoifikia picha ile mara nyingi haipati maneno ya kusoma. Kuandika yaliyo ubaoni kama maandishi ya kawaida hakugharimu kifaa chochote kipya. Shule inayojisifia vifaa huku ikiendelea kutuma picha za ubao imemfungia nje mtoto huyo kwa uzembe unaoweza kuisha kesho.

Kwa hiyo, nikiulizwa fedha zitakazopatikana zielekezwe wapi, naomba sehemu yake imlipe mtu wa kubaki na chumba cha kompyuta kikiwa wazi kwa muda wa saa mbili baada ya masomo, na nafasi za kwanza ziwe za wasio na kifaa nyumbani. Darasani, kila mashine iwe na orodha ya majina na zamu zinazopimwa kwa kutazama saa, na mwenye zamu ndiye ashike kipanya hata kama anakwenda polepole na wenzake wanachoka kungoja. Kazi ya nyumbani inayohitaji intaneti isitolewe mpaka mwalimu ajue, kwa kila mtoto, ataifanyia wapi. Na taarifa ya mwisho wa muhula iwe na safu moja zaidi: dakika alizopata mwanafunzi aliyepata chache kuliko wote.