Siku moja Hiroshima, kwa saa za maji

Tulikuwa 12, wanafunzi wageni tunaokaa Saijo, karibu na Hiroshima, na mimi niliyetangulia kufika Japani ndiye niliyetwishwa kazi ya kuongoza matembezi.

Niliwapangia asubuhi kisiwa cha Miyajima, mchana Hiroshima mjini. Nilitaka tulifikie kwa miguu lile lango jekundu la hekalu la Itsukushima lililosimama baharini, na hilo linawezekana maji yakipwa tu. Mwezi ulikuwa mpevu, na mimi mtu wa Unguja sikuona cha kuuliza: ni bamvua, maji hujaa na kupwa kupita kawaida, na saa nne asubuhi yako nje. Usiku wa kuamkia safari, mwenzetu wa Paje, kijiji cha Unguja, ambaye mama yake hulima mwani, akaniandikia: "Kaka, jedwali la maji la huku umelitazama?"

Sikuwa nimelitazama. Saa nne huko maji yamejaa pomoni. Kupwa ni saa kumi alasiri. Kina kinapanda na kushuka hadi karibu mita 4, kama kwetu, ila saa zimegeuka. Nikaigeuza na ratiba.

Kwenye tramu za Hiroshima nauli hulipwa wakati wa kushuka, mbele kwa dereva, na kisanduku cha nauli hakirudishi chenji. Watu 12 wakianza kupekua mikoba pale, abiria wote wanakusubiri wewe. Kwa hiyo kila mtu alishika sarafu zake kiganjani vituo viwili kabla. Tramu hizi, kwa taarifa yako, zilirudi barabarani kwenye kipande cha njia tarehe 9 Agosti 1945, siku 3 tu baada ya bomu la atomiki.

Makumbusho ya bomu hilo niliyapa saa moja. Kosa. Kuna baiskeli ya magurudumu matatu ya mtoto wa miaka 3. Baba yake aliizika uani pamoja naye, akaja kuifukua baada ya miaka 40. Kundi langu, ambalo ndani ya treni halikunyamaza hata dakika moja, lilisimama hapo kimya, na mmoja akatoka kukaa nje. Sikumharakisha mtu. Nilichofanya ni kuifuta ngome ya Hiroshima kwenye orodha: iliyopo sasa imejengwa upya mwaka 1958, na sioni kama tulipoteza kitu.

Chakula cha mchana kilikuwa okonomiyaki, kabichi na tambi juu ya bamba la moto. Kwa kawaida huwekwa nyama ya nguruwe. Unaweza kuomba ngisi na kamba badala yake, lakini bamba ni lile lile, hivyo Waislamu tulishiba wali wa kufungwa kwa mwani wenye samaki ndani.

Treni nusu saa, feri dakika 10. Saa kumi kasoro tulikuwa tumevua viatu, tope vidoleni. Ukilikaribia lango ndipo unashangaa: nguzo zake za mkafuri hazikuzikwa ardhini, zimesimama kwa uzito wake tu, tangu 1875. Yule dada wa Paje hakulitazama sana. Alikuwa ameinama anachambua mwani, akitaka kujua kama kuna anayeuvuna.

Nikiwa bado napiga picha, paa mmoja wa kisiwani akanitafunia jedwali la maji mfukoni.

"Wala usijali, kaka," akasema yule dada, akionyesha miguu yetu. "Yameanza kurudi."