Daraja kwanza, daraja baadaye

Kuna jamaa pale kijiweni aliniapia kwamba bila mjomba halmashauri sitagusa tenda hata ya kitasa cha choo cha shule. Huyo huyo akanishauri nikodi cheti cha ukandarasi cha mtu, tugawane faida. Sikukodi. Ila kusema ukweli nilizunguka naye karibu miezi miwili kumtafuta huyo mtu.

Karakana yangu iko Morogoro, kazi zetu zilikuwa grili na mageti. Mwaka 2021, serikali ilipojenga madarasa 15,000 kwa fedha za UVIKO-19, mafundi chuma wengi tulipata chochote, kwa sababu shule zilijenga kwa fosi akaunti, yaani zenyewe bila kumpa mkandarasi kazi yote, na kamati zilichukua mafundi wa jirani. Nikatengeneza viti na meza za shule mbili. Hapo kichwa kikavimba, nikatangaza kwamba sasa ni madaraja.

Nikaambiwa ukitaka kujenga daraja, kwanza uwe na daraja, yaani ngazi unayopangiwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Hayo ya kusajili kampuni BRELA, namba ya mlipakodi (TIN) na leseni mnayajua wenyewe, sitayarudia. Lililonichelewesha ni kupata mtaalamu mwenye vyeti anayekubali jina lake liwe kwenye kampuni ya fundi grili.

Zabuni ya kwanza niliipandisha NeST, mfumo wa serikali wa zabuni mtandaoni, saa tano usiku, nikalala nikiota lori jipya. Ikaanguka hatua ya kwanza kabisa. Hati ya uwakilishi nilikuwa nimejipa mamlaka mimi, nikayapokea mimi, nikashuhudia mimi, muhuri wa wakili hakuna. Bei yangu nzuri haikuangaliwa hata. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Ya pili ikaanguka kwa sababu nyingine: walitaka ushahidi wa kazi kama hiyo. Sasa kama hamnipi, nitaitoa wapi?

Nikaipata kwa kuingia chini ya mkandarasi mwingine aliyeshinda kazi ya barabara yenye kivuko cha waenda kwa miguu ndani yake, watoto wavuke mto kwenda shule. Yeye alikuwa mtu wa zege, chuma kilimsumbua. Urefu mita 12, upana mita 1.2.

Vyuma vya dukani vinakuja mita 6, kwa hiyo hesabu yangu ilikuwa vipande viwili, naviunga katikati. Injinia wa mkandarasi, binti mdogo kuliko mwanangu wa pili, akaniuliza, "Mzee, unaunga hapo hapo panapobeba zaidi? Na gari likiishia kule juu, kipande cha mita 6 atakibeba nani mpaka mtoni?" Tukafanya vitatu vya mita 4. Vile vya mita 2 vilivyobaki vikawa mihimili ya mshazari, sikutupa hata futi. Hilo la mabaki nililigundua mimi, liandikwe.

Siku ya kuunganisha uani, matundu ya bolti yakakataana. Kila kijana alikuwa ametoboa kwa futi kamba yake. Mmoja akachukua grinda apanue matundu, nikamnyang'anya kabla injinia hajatokea. Tulikata zile sahani zote za kuungia vipande tukachoma upya, safari hii nikiwa nimetoboa bati moja nene kama patani (kielelezo), na kila sahani inafungwa nalo kwanza ndipo inatobolewa. Hasara kama laki nne hivi, au tano, sikupenda kuijumlisha.

Vijiti vya kuchomea navyo. Kwenye grili tunatumia aina ya 6013, vinakaa hata kwenye ndoo. Hapa tulitakiwa 7018, na hivyo vikinywa unyevu weldi inaweza kupasuka ndani usione kitu. Oveni ya vijiti ni bei mbaya. Nilichukua friji bovu la shemeji, nikaweka balbu ya wati 100 chini, vijiti vikitoka kwenye pakiti vinaingia humo. Vilivyokwisha kulowa friji haliviponyi, hivyo peleka kwenye grili.

Halafu jaribio. Injinia alitaka kilo 500 kwa kila mita ya mraba, yaani tani 7.2. Mchanga ungetuua kwa kupakia na kupakua. Nikaazima mapipa 36 ya lita 200, nikayapanga mistari miwili juu ya daraja pale uani, nikaita boza la maji. Tulivuta uzi wa nailoni kutoka ncha hadi ncha, rula imesimama katikati, pipa baada ya pipa. Kijana wangu akawa anatamka shahada. Likashuka milimita 14. Tukaliacha usiku kucha, tukayamwaga asubuhi, likarudi, zikabaki milimita 2 ambazo injinia alisema ni bolti zimekaa sawa. Picha za yale mapipa na barua ya kukamilisha kazi ndizo nilizopandisha kwenye zabuni iliyofuata, ngazi na paa la chuma la shule ya ghorofa. Nikashinda. Mjomba sikumwona. (Malipo ya mwisho bado yanashikiliwa mpaka muda wa matazamio, wa kungoja kuona kama kuna kasoro, uishe, kwa hiyo msije kukopa.)

Yale maji hatukuyamwaga chini, mtaani kwetu bomba hutoka kwa zamu. Akina mama walipanga foleni na ndoo mpaka barabarani. Hadi leo nikipita wananiuliza, "Baba, daraja jingine mnalipima lini?"