Kumbukumbu ya mradi: kadi ya neno "subscrive"

Faharasa yangu ya maneno ya hati za zamani za Uskoti imefika kadi 41, lakini wiki hii yote imeliwa na neno moja: subscrive. Asili yake ni Kilatini, kuandika chini. Nilikuwa nimeshaandika "kutia saini" nikasonga mbele. Jana nimeifuta.

Iliyonirudisha nyuma ni sheria ya mwaka 1540. Bunge la Uskoti lilikataa hati yenye muhuri pekee, kwa sababu muhuri hupotea, hughushiwa, hata hugongwa baada ya mwenyewe kufa. Kuanzia hapo mwenye hati alitakiwa aandike jina lake chini, na mashahidi wawepo.

Na asiyejua kuandika? Hapa ndipo ninapopapenda kuliko pote. Hati zinasema mkono wake "umeongozwa kwenye kalamu" na mthibitishaji (notary, ofisa wa kuthibitisha hati). Mtu anaigusa kalamu, mwingine anaandika, na yote hayo yanaelezwa waziwazi ndani ya hati. Kwa mambo mazito, sheria ya 1579 ilidai wathibitishaji wawili na mashahidi wanne. Mashahidi nao walilazimishwa kutia mikono yao wenyewe mwaka 1681.

Kadi ya holograph ilikuja kirahisi: hati iliyoandikwa yote na mkono wa mwenyewe. Uskoti iliikubali bila mashahidi mpaka sheria ya 1995 ilipoiondolea heshima hiyo. Nimeweka "hati ya mkono wake", nikiwakumbuka wazee wetu waliofunga barua kwa "wakatabahu" na kutaja kwamba wameandika kwa mkono wao.

Marekebisho: kadi ya 12 ilikuwa na kosa. Writer kwa Waskoti wa zamani ni mwanasheria, si mwandishi. Nimeiandika upya, pamoja na Writer to the Signet, wakili aliyefungamana na muhuri mdogo wa mfalme. Evidents nimeziacha kuwa "hati za umiliki".

Kwa subscrive nimeamua: "kutia sahihi chini". Saini ingeeleweka, ila sahihi inabeba pia maana ya jambo lililo kweli, na hicho ndicho sheria ya 1540 ilichokuwa inakitafuta. "Chini" inabaki, kwa sababu jina likikaa pembeni au juu ya maandishi, si subscrive tena.

Kesho naanza kifungu cha mwisho cha hati, kile kinachotaja mahali, siku na mashahidi.